Tulivyochagua Seva ya Gazeti

Kufikia mwaka 1999 jengo la gazeti letu jijini Dar es Salaam lilikuwa na kompyuta za aina tatu, na hakuna aina iliyoweza kufikia kazi ya mwenzake bila mtu kutembea na disketi mfukoni. Wasanifu wa kurasa walikuwa na Macintosh, zilizounganishwa kwa LocalTalk, mtandao uliopita kwenye waya wa simu kwa kasi ya kilobiti 230 kwa sekunde na kuishia kwenye printa moja ya LaserWriter. Waandishi walikuwa na kompyuta za Windows 95 na chache za Windows 98. Uhasibu ulikuwa na mashine za DOS, nyingine kuukuu za 386, zilizoegemea seva ya NetWare 3.12 iliyokaa chini ya meza ya mhasibu mkuu. Mafundi tulikuwa wawili. Nilikuwa kijana, na kazi ya kuyaunganisha haya yote tulikabidhiwa sisi.

Mchanganyiko ule haukutokana na uzembe wa mtu, ila na historia ya nchi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na kwa miaka mingi zilizopita mpakani ziliingia kwa kibali maalumu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na magazeti binafsi yakaanza kuota, kila mmiliki alinunua alichoweza kwa wakati alipoweza. Macintosh zilikuja kwa sababu duniani kote kurasa zilisanifiwa humo, kwa PageMaker na QuarkXPress. Kompyuta za Windows zilikuja kwa sababu ndizo zilizokuwa madukani. Programu ya hesabu iliandikwa kwa DOS na mtu aliyekuwa ameshahama nchi. Ukiingia ofisi yoyote ya mjini miaka ile, iwe hospitali, bandari, chuo au shirika la misaada, ungekuta mchanganyiko kama huo.

Gharama yake ilionekana usiku. Mwandishi akimaliza stori aliihifadhi kwenye disketi ya megabaiti 1.44, akapanda nayo ngazi hadi kwa wasanifu. Disketi ikigoma kusomwa, alishuka kuandika nyingine. Picha ya ukurasa wa mbele haikuenea kwenye disketi moja, hivyo ilikatwa vipande na kuunganishwa upya juu. Virusi vya Word vilisafiri kwa njia ileile. Wakati huo fundi wa pleti anasubiri kiwandani, na basi la Morogoro linaloondoka alfajiri halimsubiri mtu. Gazeti lililochelewa kituoni halikuuzwa Morogoro siku hiyo, na gazeti la jana halina mnunuzi.

Bodi ikakubali kununua waya mpya na seva moja ya wote. Tuliitwa kwenye kikao tueleze mfumo endeshi upi uwekwe kwenye seva hiyo. Tulijiandaa kwa hoja za kasi na usalama, lakini mhariri mkuu alitukata kauli mapema. Alisema hahitaji kujua mfumo upi unasifiwa Ulaya. Alitaka kujua jambo moja: saa sita za usiku seva ikikwama na kurasa nne bado hazijafungwa, ni nani ndani ya jengo hili atakayeweza kuitengeneza?

Sijasikia swali bora zaidi juu ya seva tangu siku ile. Tuliliandika juu ya karatasi yetu ya tathmini, na kila mfumo tuliupima kwa swali hilo pamoja na jingine tuliloliongeza wenyewe: je, mfumo huu unaweza kuzungumza na kila mashine iliyopo kama ilivyo, bila kutulazimisha kutupa hata moja?

Wa kwanza ulikuwa NetWare. Mhasibu mkuu, mama aliyekuwa na kampuni tangu toleo la kwanza la gazeti, aliutetea kwa nguvu. Seva yake ya 3.12 ilifanya kazi mwaka baada ya mwaka bila kuzimwa ila umeme ulipokatika, na haikudai kumbukumbu kubwa. Toleo jipya, NetWare 5, lilikuwa limetoka mwaka 1998, likiwa limehama kutoka itifaki ya zamani ya IPX kwenda TCP/IP, ile inayotumiwa na intaneti. Ulikuwa mfumo uliokomaa, na Novell, kampuni iliyoutengeneza, ilikuwa na njia za kuzihudumia Macintosh. Lakini leseni zake zilihesabiwa kwa idadi ya watumiaji, na mjini waliokuwa na vyeti vya kuusimamia walikuwa wachache na ghali.

Wa pili ulikuwa Windows NT 4.0, uliotolewa na Microsoft mwaka 1996. Ulikuwa na faida ambayo wengi hawakuijua: toleo la seva lilikuja na huduma ya Macintosh ndani yake. Ukiiwasha, Macintosh ziliiona seva kama zinavyoiona seva ya Apple yenyewe. Skrini zake zilifanana na zile ambazo waandishi walikwisha kuzizoea. Diski yake ilitumia mpango wa NTFS, ambao huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyafanya, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hurudi katika hali yake upesi. Kwa mji uliozoea mgao wa umeme, hilo lilikuwa jambo kubwa. Bei yake ilikuwa na sehemu mbili: leseni ya seva, halafu leseni ya kila kompyuta inayoigusa. Kadiri gazeti lingekua, ndivyo malipo yangeongezeka.

Wa tatu ulikuwa Linux. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoutangaza mwaka 1991. Kufikia 1999 ulikuwa umefungwa katika makusanyo kadhaa, Red Hat, Debian na Slackware yakiwemo, na ulitufikia kwa CD zilizobandikwa nyuma ya vitabu. Kwa modemu zetu za simu, kuupakua wote kutoka intaneti kusingewezekana. Peke yake Linux usingetusaidia. Nguvu yake kwetu ilikuwa katika programu tatu zilizokaa juu yake. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, kwa kuchunguza pakiti zilizopita kwenye waya hadi akaelewa zilivyopangwa, iliifanya seva ionekane kwa Windows kama Windows mwenzao. Netatalk, iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan, ilizungumza AppleTalk na Macintosh. Na mars_nwe iliweza kujibu mashine za DOS kana kwamba ni NetWare. Sanduku moja likawa mkalimani wa pande tatu, na kila upande ukasikia lugha yake.

Tulimaliza siku kadhaa tukibishana kwa maneno, kisha mwenzangu akasema tuache kubishana tupime. Tulichukua Pentium mbili zilizokuwa zimewekwa kando, moja tukaiwekea NT ya majaribio, nyingine Linux, tukaziunganisha na kompyuta moja ya kila aina. Majaribio yale ndiyo yaliyonifundisha kazi hii.

Jaribio la kwanza lilihusu fonti. Asiyewahi kufanya kazi na Macintosh za zamani hawezi kujua tatizo hili. Faili la Macintosh lilikuwa na sehemu mbili: sehemu ya data, ambayo mifumo mingine yote huielewa, na sehemu ya rasilimali, ambayo mifumo mingine mingi haikuwa na mahali pa kuiweka. Hati ya maneno matupu ilikaa kwenye data. Fonti za wasanifu zilikaa karibu zote kwenye rasilimali. Ukiipitisha fonti ya aina hiyo mahali pasipoijua sehemu ya pili, faili linafika na jina lake kamili na ukubwa wa baiti sifuri. Msanifu anafungua ukurasa, na kichwa cha habari kimegeuka kuwa herufi nyingine kabisa. Kwa hiyo tulinakili folda nzima ya fonti kwenda kwenye kila seva, tukaifuta kwenye Macintosh, tukairudisha, tukachapa ukurasa. NT ilizirudisha fonti zikiwa nzima. Linux pia, kwa sababu Netatalk iliitenga sehemu ya rasilimali na kuiweka katika folda iliyofichwa, iitwayo .AppleDouble, ndani ya kila folda.

Njia hiyo ya Linux ilikuwa na hatari yake, na tuliigundua palepale. Mtu akilihamisha faili akiwa kwenye Windows, sehemu ya data inahama na sehemu ya rasilimali inabaki nyuma. Dawa tuliipata katika mpangilio wa kazi. Stori za waandishi zilikuwa maneno matupu, hazina rasilimali ya kupoteza. Basi tuliweka folda moja ya kupokelea: mwandishi anaingiza stori kwa Windows, msanifu anaichukua kwa Macintosh. Kurasa na fonti tukaziweka upande ambao Windows haikuruhusiwa kuugusa. Samba ikaagizwa isizionyeshe folda za .AppleDouble kabisa.

Jaribio la pili lilihusu majina. Macintosh iliruhusu majina ya herufi hadi 31, na ndani yake ungeweza kuweka mkwaju. Wasanifu wetu walipenda kuandika "Michezo 12/6" au "Uk. 4/5". Windows haikubali mkwaju katika jina la faili. DOS ya uhasibu ilikubali herufi nane tu, nukta, na tatu nyingine. Hakuna seva itakayolimaliza hilo peke yake. Tuliwaacha uhasibu na majina yao mafupi, tukawaita wasanifu na waandishi pamoja, tukakubaliana kanuni: tarehe kwa tarakimu nane, mwaka ukitangulia, kisha kistari, kisha jina fupi lisilo na mkwaju wala nuktapacha. Kwa kuanza na mwaka, mafaili yalijipanga yenyewe kwa siku, na kwa kuuandika mwaka kwa tarakimu zote nne hatukuwa na hofu ya 2000, mwaka ambao kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zilihofiwa kuusoma kama 1900. Karatasi ya kanuni ile ilibandikwa juu ya kila meza.

Jaribio la tatu lilikuwa la umeme. Tuliwaomba watu watano wafungue mafaili na kuanza kuandika, kisha tukachomoa waya wa seva ukutani. NT ilirudi mapema. Linux ya wakati ule ilitumia mpango wa ext2, usioweka kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo ilipowashwa ilianza kuikagua diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho huku sote tumesimama tukiitazama. Kadiri diski ilivyokuwa kubwa ndivyo muda ulivyokuwa mrefu. Hapa NT ilishinda waziwazi, na tuliandika hivyo kwenye ripoti. Tuliandika pia gharama ya UPS yenye waya wa kuiunganisha na seva: betri ikikaribia kwisha, UPS huiarifu seva nayo ijizime yenyewe kwa utaratibu. UPS ilikuwa lazima kwa mfumo wowote, maana hakuna mpango wa diski unaoweza kuokoa stori ambayo bado haijahifadhiwa.

Jaribio la nne lilihusu uhasibu. Programu ya DOS ilitegemea seva kufunga rekodi moja wakati mtu mmoja anaiandika, ili mwingine asiiguse. mars_nwe iliitikia, mashine za DOS ziliingia, ankara zikafunguka. Mhasibu mkuu alikaa akaangalia, kisha akatuuliza kwa upole, "Wanangu, mnaweza kuapa kwamba mwisho wa mwezi, watu wote wakiwa ndani, hakuna hata shilingi itakayopotea?" Tukamjibu kuwa hatuwezi kuapa. Akasema basi vitabu vyake havihami. Alikuwa na haki. Kazi iliyotulia kwa miaka mingi haihamishwi kwa sababu tu kuna mfumo mpya mlangoni. Tuliiacha NetWare yake mahali pake, tukaiunganisha na mtandao mpya, tukaweka ratiba ya kunakili vitabu vyake kila usiku.

Ripoti yetu ilikuwa fupi. NT ilikuwa imeongoza kwenye umeme na kwenye urahisi wa skrini. Linux ilikuwa imeongoza kwenye bei, kwenye kukubali kompyuta ya zamani, na kwenye swali la mhariri mkuu. Hilo la mwisho ndilo lililoamua. Kwa Linux, mipangilio yote ya Samba ilikuwa katika faili moja la maneno ambalo ungeweza kulisoma, kulichapa na kulitundika ukutani. Mwongozo ulikuwa ndani ya CD ileile, kurasa kwa kurasa, na hatukuhitaji laini ya simu kuufikia. Kila kosa liliandikwa katika daftari la mfumo kwa maneno yanayotafutika. Na msimbo wa programu yenyewe ulikuwa wazi: mwenzangu, aliyejifunza lugha ya C chuoni, aliwahi kuufungua na kuona kwa macho yake kwa nini Windows 98 ilikataliwa kuingia. Windows 98 hutuma neno la siri likiwa limefichwa, na Samba ilikuwa bado haijaagizwa kulipokea hivyo. Mstari mmoja ukabadilishwa, mlango ukafunguka. Mfumo unaokuruhusu kujifunza kiasi hicho unakujengea fundi ndani ya nyumba yako.

Kusema hivi si kuidharau NT. Kama mafundi wa gazeti lile wangekuwa wamesomea NT, na kama bodi ingekuwa na fedha za leseni, ningependekeza NT bila kusita. Nawafahamu wenzetu wa ofisi nyingine walioichagua miaka ile wakafanya kazi njema. Mfumo mzuri ni ule unaoendana na mashine zako, fedha zako na watu wako, na katika hayo matatu watu ndio wanaotangulia.

Tuling'oa waya wa zamani wa koaksia, ule ambao kiungo kimoja kikilegea kila mashine iliyo juu yake inakatika, tukaweka waya wa jozi zilizosokotwa, kila meza na waya wake hadi kwenye habu. Mashine moja ikiharibika, inajiharibikia peke yake. Kisha tukaihamishia seva kazi idara moja baada ya nyingine, michezo kwanza, habari za mbele mwisho, kila idara ikibaki na disketi zake hadi ilipoziacha yenyewe. Tuliwafundisha wahariri wasaidizi wawili kuzima na kuwasha seva kwa utaratibu, kusoma taa za UPS, na kutoa faili la jana kwenye nakala ya akiba. Usiku ambao sisi mafundi hatukuwepo, jengo halikubaki yatima.

Mkesha wa mwaka 2000 tulilala ofisini, kama walivyofanya mafundi wengi duniani. Saa ilipita, seva ikaandika tarehe mpya, toleo la Januari mosi likatoka na likawahi basi.

Yaliyofuata yalionyesha upande wa mambo ambao hatukuweza kuuona wakati ule. Mwaka 2001 Linux ilipata ext3, ambayo huweka kumbukumbu ya mabadiliko, na udhaifu wake wa umeme ukaondoka. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, jambo lililowezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Microsoft iliacha kuweka huduma ya Macintosh katika seva zake baada ya toleo la 2003. Apple iliiondoa AppleTalk kabisa mwaka 2009, na mwaka 2013 ikaifanya SMB, itifaki ileile ya Windows, kuwa njia ya kwanza ya Macintosh kushirikiana mafaili. NetWare imekwisha kustaafu. Samba ipo hadi leo, ndani ya maelfu ya vifaa vya kuhifadhia mafaili ambavyo wenyewe hawajui kwamba wanaitumia. Itifaki iliyochambuliwa na kuandikwa wazi imeishi kuliko majina makubwa yaliyotutisha kwenye kile kikao.

Leo seva za ofisi nyingi ziko kwenye kompyuta za kukodi, ng'ambo ya bahari, na mchanganyiko wa mashine umekuwa mkubwa zaidi: simu za Android, iPhone, Windows, Macintosh, mashine za malipo. Vijana wanaochagua kwa ajili ya hospitali, shule na vyama vya ushirika wana uwezo ambao sisi hatukuuota. Nawasihi wafanye mambo manne kabla ya kutia saini mkataba wowote. Orodhesheni kila mashine iliyopo, hata ile kuukuu ya mhasibu, na mjaribu kila moja dhidi ya mfumo mpya kwa kazi halisi. Chomoeni umeme au intaneti makusudi, mchana kweupe, mkiangalia kinachotokea. Rudisheni faili la jana kutoka kwenye nakala ya akiba, kwa mikono yenu, msiridhike na ahadi ya muuzaji. Kisha mwandikeni kwa jina mtu atakayeamka saa sita za usiku mfumo ukikwama. Kama nafasi ya jina hilo haina wa kuijaza, msinunue kwanza, mfundisheni mtu.